Kiazi cha Uzi

Katika mkoa wa Simiyu, kutoka Bariadi hata Maswa na Meatu, mashamba huwa meupe wakati wa mavuno ya pamba. Watoto wa huko huifahamu pamba tangu udogo wao. Huiona ikipandwa, ikipaliliwa na kuchumwa, kisha ikipimwa mizanini. Kutoka hapo hupelekwa kiwandani kuchambuliwa. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa nyuzi kilo 1 hivi. Zilizosalia karibu zote ni mbegu. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo huuzwa nchi za ng'ambo. Basi mtoto aweza kukaa kando ya shamba la pamba miaka mingi, asijue uzi hugeukaje kuwa kitu cha kushikwa mkononi.

Njia nyepesi ya kujua ni kufuma kiazi kitamu cha kuchezea. Kiazi hakina mgeni katika nchi ya Usukuma. Kikikatwa kibichi na kuanikwa juani huwa michembe; kikichemshwa kwanza, ndipo kikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa. Tena umbo lake ni rahisi: ncha zake ni nyembamba, na katikati ni nene. Ajuaye kuongeza na kupunguza upana wa kazi yake ameshika msingi wa kufuma kofia na soksi pia.

Vifaa

Hutakiwa donge dogo la uzi mnene wa pamba, sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, na sindano 2 za kufumia. Asiye na sindano za kufumia huchonga vijiti 2 vya mwanzi vilivyo sawa, vinene kama penseli nyembamba. Huvisugua kwa msasa mpaka viwe laini, kwa maana kijiti chenye miiba hunasa uzi na kuukata.

Namna ya kufuma

1. Mfumaji huanza kwa vitanzi 6 juu ya sindano ya kushoto. Huingiza sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, huzungusha uzi nchani, huuvuta utokee kuwa kitanzi kipya, kisha hukiachia kile cha zamani. Hufanya hivyo mpaka mwisho wa mstari, ndipo hubadili mikono.

2. Katika kila mstari wa pili, hutoa vitanzi 2 katika kitanzi cha kwanza, na 2 katika kitanzi cha mwisho. Hivyo vitanzi huongezeka 2 kila mara: 8, 10, 12, mpaka vitimie 24.

3. Hufuma mistari 20 bila kuongeza wala kupunguza. Hapo ndipo tumbo la kiazi.

4. Kisha hupunguza. Katika kila mstari wa pili hufuma vitanzi 2 vya kwanza pamoja, na 2 vya mwisho pamoja, mpaka vibaki 6. Hukata uzi, huupitisha katika vitanzi vyote 6, na kuukaza.

Kuhesabu

Mfumaji mwema huhesabu vitanzi vyake kila amalizapo mstari. Kitanzi kimoja kikianguka, tundu lake huwa dogo kama punje ya mtama. Mvivu husema, "Halitaonekana," akaendelea. Lakini kitanzi kilichoachwa hushuka mstari hata mstari, na kiazi kinapojazwa, tundu hupanuka na pamba hutoka nje. Hapo kazi ya siku mbili huharibika kwa kosa la dakika moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aonaye kosa mapema hufumua mstari mmoja au miwili, akaanza tena. Kufumua si aibu. Uzi ni ule ule, na mkono umejifunza.

Kujaza

Kitambaa hukunjwa kwa urefu na kushonwa ubavuni, na ncha ya mwanzo hukazwa kwa uzi. Huachwa nafasi ya vidole viwili, ambayo kwayo hutiwa pamba safi. Kwanza mbegu zote ziondolewe, kwa kuwa mbegu ya pamba ina sumu, na mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani. Kwa sababu iyo hiyo kiazi kisishonewe vifungo wala shanga, na ncha za uzi zifichwe ndani kwa kushonwa mara mbili. Kabla ya kumpa mtoto, mfumaji hukivuta kwa nguvu pande zote. Kitu kikikatika, kikatike mikononi mwake, kisikatike kinywani mwa mdogo wake.

Kiazi hicho hakiliwi wala hakina bei kubwa. Lakini mtoto mchanga akilala amekikumbatia, pamba ya shambani imefika nyumbani kwa mkono wa nduguye.

Maswali

1. Kilo 12 za pamba mbegu hutoa kilo ngapi za nyuzi?
2. Michembe na matobolwa hutofautianaje?
3. Kutoka vitanzi 6 hata 24, mfumaji huongeza mara ngapi?
4. Kwa nini mbegu huondolewa kabla ya kujaza kiazi?
5. Eleza kwa maneno yako kwa nini kufumua si aibu.