Brisinga, Nyota ya Kilindini

Baharini mna wanyama wenye umbo la nyota. Watu wa pwani humwita mnyama huyo kiti cha pweza. Mtu asimtafute katika Ziwa Tanganyika wala katika mto wo wote, maana huishi katika maji ya chumvi tu. Wengi wana mikono mitano, nao hutambaa juu ya miamba na mchanga. Lakini Brisinga si kama hao.

Mwaka 1853, Bwana Asbjørnsen wa nchi ya Norway alikuwa akichunguza wanyama wa Hardangerfjord. Huo ni mkono wa bahari unaoingia kati ya milima mirefu. Alishusha wavu mzito kwa kamba ndefu, mamia ya mita, mpaka chini kwenye giza na baridi. Wavu ulipopanda, ndani yake mlikuwa na mnyama mwekundu mwenye mikono 11. Lakini mikono yake ilikatika upesi. Bwana Asbjørnsen alimwita Brisinga, kwa jina la pambo zuri linalotajwa katika hadithi za kale za nchi yake.

Mwili wa Brisinga ni hivi. Katikati pana kisahani kidogo cha mviringo, na chini yake pana kinywa. Mikono ni myembamba, mirefu kuliko kisahani mara nyingi. Ina miiba mirefu, na juu ya miiba mna koleo ndogo sana, nyingi mno. Chini ya mikono mna safu za miguu laini kama mirija, iliyojaa maji. Brisinga hana kichwa, wala ubongo.

Mikono mingi hivyo ni ya kazi gani? Wavu haukuweza kujibu, kwa kuwa ulileta mnyama aliyevunjika. Miaka mingi baadaye, watu walishuka vilindini ndani ya vyombo vya chuma vyenye taa. Huko waliwaona wanyama wa jamaa ya Brisinga wakiwa hai. Walikuwa wamesimama juu ya miamba, mikono yao imeinuliwa juu kama vidole vya mtu anayepokea kitu.

Basi kazi ya mikono ikajulikana. Kilindini hakuna jua, kwa hiyo majani hayaoti, na chakula ni haba. Brisinga hakimbilii chakula. Huinua mikono na kungoja. Mkondo wa maji huleta uduvi na vijidudu. Wakigusa miiba, koleo huwakamata. Kisha mkono hujikunja na kupeleka chakula kinywani. Na mkono ukikatika, mwingine huota mahali pake.

Maulizo

1. Kwa nini Brisinga haonekani katika Ziwa Tanganyika?
2. Brisinga wa Bwana Asbjørnsen alikuwa na mikono mingapi?
3. Koleo ndogo zina kazi gani?
4. Kwa nini wavu haukuonyesha jinsi Brisinga anavyokula?
5. Chora Brisinga akingoja chakula.