Kuchagua Vifaa vya Kusaidia Mikono Yenye Maradhi ya Viungo

Mkulima wa Kidahwe hutumia mikono tangu alfajiri: kushika jembe, kumenya mihogo, kuchambua chikichi. Maradhi ya viungo yanapoingia vidoleni, kazi hizo huwa za kwanza kuleta maumivu. Katika somo hili tunaeleza namna ya kupata kifaa chenye msaada pasipo kupoteza fedha.

1. Anza na kazi inayokushinda
Mpini mwembamba huvilazimisha vidole kukaza sana. Mpini mnene hupunguza nguvu hiyo. Zungushia mpini wa kisu au mwiko kitambaa, au ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kisha ufunge usiteleze. Kipande cha mpira huohuo husaidia kufungua kifuniko kigumu. Sufuria ibebwe kwa viganja viwili, na kikapu kipachikwe begani badala ya vidoleni.

2. Ukinunua banzi, lijaribu kwanza
Banzi hutuliza kidole gumba au kifundo cha mkono wakati wa kazi. Livae dukani, ushike kitu, ukunje vidole. Likileta ganzi au ubaridi vidoleni, limebana mno. Soma jina la mtengenezaji na maelekezo ya matumizi, dai risiti, na utunze kifungashio. Banzi la tiba ni kifaa tiba. Ukilitilia shaka, tuarifu.

3. Jihadhari na ahadi ya kuponya
Kifaa saidizi hupunguza mzigo wa kiungo, hakiondoi ugonjwa. Bangili za shaba ni mfano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walizijaribu kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha kuwa zilipunguza maumivu au uvimbe kuliko vifaa vya kulinganishia visivyo na shaba.

4. Usichelewe kupimwa
Viungo vikivimba na kupata joto, au vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, nenda kituo cha afya kabla ya kwenda dukani. Ikibidi, utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Baridi yabisi isiyotibiwa mapema huweza kuharibu viungo moja kwa moja, na hakuna banzi litakalovirejesha.

Jipime kabla ya kulipa
Je, nimepimwa? Kifaa hiki kitanisaidia kazi ipi? Naweza kukitengeneza nyumbani? Nimekijaribu mkononi mwangu?