Soma Kwanza, Ndipo Uwashe Jiko
Somo la mapishi na hesabu: vipande vya oti na kakao

Leo tutajifunza kuoka vipande vya tabaka tatu. Chini oti, katikati kakao, juu oti tena. Ni vitamu, vinashiba, na havivunjiki ovyo vikifungwa vizuri. Lakini somo hili si la mapishi peke yake. Ni somo la kusoma na la hesabu pia. Sababu yake nitakueleza sasa hivi, na usinicheke.

Kosa la alama moja

Katika tarafa niliyokuwa nafanya kazi kulikuwa na kikundi cha akina mama 9. Wote walimaliza kisomo. Walikuwa wanauza maandazi, na wakapata oda ya kuoka vipande hivi kwa ajili ya siku ya wazazi shuleni. Waliniomba maelekezo. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi basi, nikaandika kwenye karatasi mbiombio. Mahali pa soda niliandika hivi: "soda ½ k."

Siku ya kuoka, mama aliyechaguliwa kuwasomea wenzake alifika hapo akasimama. Aliona 1 juu na 2 chini. Akasema, "Hapa pameandikwa kimoja au viwili. Tutie viwili ili viumuke vizuri." Na "k." akaisoma kuwa kijiko cha mezani. Basi wakatia vijiko 2 vya mezani.

Mimi nilikusudia nusu kijiko cha chai. Hebu tupige hesabu. Kijiko 1 cha mezani ni sawa na vijiko 3 vya chai. Vijiko 2 vya mezani ni vijiko 6 vya chai. Ndani ya vijiko 6 mna nusu 12. Kwa hiyo walitia soda mara 12 ya ile iliyotakiwa!

Vile vipande vilikuwa vichungu, na ladha yake kama sabuni. Hakuna aliyenunua. Oti, siagi na kakao ni vitu vya bei, na fedha ile ilikuwa mtaji wao wote. Kibaya zaidi, wengine walianza kumsema yule mama: "Kisomo gani hicho? Afadhali tungepika kwa kukadiria kama zamani." Akaacha kuja kwenye kikundi.

Nilipopata habari nilikwenda kwao. Mwenyekiti akanitolea ile karatasi, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi tumesoma kama ulivyoandika." Nikaitazama. Kweli kabisa. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimfundisha yule mama neno "nusu", lakini sikumfundisha alama ½. Halafu nikafupisha neno ambalo halifai kufupishwa. Nikaenda nyumbani kwake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Alirudi kikundini. Tukaandika maelekezo upya pamoja, na yeye ndiye aliyeyasoma. Hayo ndiyo utakayoyasoma hapa chini.

Alama za kujua kabla ya kuanza

½ ni nusu. Kitu kimoja kimegawanywa sehemu 2 sawa, ukachukua 1.
¼ ni robo. Kimegawanywa sehemu 4 sawa, ukachukua 1.
¾ ni robo tatu. Kimegawanywa sehemu 4 sawa, ukachukua 3.
⅔ ni theluthi mbili. Kimegawanywa sehemu 3 sawa, ukachukua 2.
1½ ni kimoja na nusu.

Namba ya chini inasema umegawanya mara ngapi. Namba ya juu inasema umechukua ngapi. Hakuna "au" katikati.

Katika somo hili kikombe ni kile kinachojaa maji ya mililita 250, yaani robo ya lita. Ukiwa na chupa ya maji ya nusu lita, maji yake hujaza vikombe 2. Tafuta kikombe chako, kipime kwa maji, kisha ukitie alama na usikibadilishe. Kijiko kipimwe kikiwa sawasawa juu, si mlima.

Tujue tunachopika

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano na shayiri. Punje zake hutiwa mvuke, kisha hubanwa na magurudumu ya chuma mpaka zikawa bapa kama magamba. Wengi wetu tunazijua kwa uji wa watoto. Chagua zile zenye magamba makubwa. Zilizosagwa kama unga hazishikani vizuri katika mapishi haya.

Kakao, ambayo wengine huiita kokoa, tunayo hapa kwetu. Inalimwa sana Kyela, mkoa wa Mbeya, na pia mkoa wa Morogoro. Mkulima hupasua tunda, hutoa mbegu pamoja na utelezi wake, huzivundika kwa siku 5 hadi 7, kisha huzianika. Kiwandani hukaangwa na kusagwa. Mafuta yake yakikamuliwa, kinachobaki husagwa kuwa unga wa kakao. Unga huo ukiuonja peke yake ni mchungu.

Sasa angalia sana dukani. Kuna unga wa kakao mtupu, na kuna unga wa kinywaji ambao umekwisha kutiwa sukari, pengine na maziwa. Makopo yanafanana. Soma maandishi ya ubavuni. Ukiona sukari imetajwa, hiyo si kakao tupu, nayo haifai kwa somo hili. Hapo hapo soma na tarehe ya mwisho ya kutumia.

Na soda tunayosema ni ile laini ya unga ya kuokea. Usitumie magadi ya mawe. Usitumie kabisa kostiki ya kutengenezea sabuni, maana inaunguza koo na tumbo. Kostiki isiwekwe jikoni.

Mahitaji

Kwa tabaka la chini na la juu:
Oti, vikombe 2.
Unga wa ngano, kikombe 1½ (kimoja na nusu).
Sukari, kikombe ¾ (robo tatu).
Siagi ya kopo, kikombe 1.
Soda ya kuokea, nusu kijiko cha chai.
Chumvi, robo kijiko cha chai.

Kwa tabaka la katikati:
Unga wa kakao, vijiko 4 vya mezani.
Unga wa ngano, vijiko 3 vya mezani.
Sukari, kikombe ½ (nusu).
Maziwa, kikombe 1.
Siagi, kijiko 1 cha mezani.

Chombo: trei ya bati ya mraba, sentimita 20 kwa 20. Kama huna, sufuria ndogo ya mviringo yenye upana wa sentimita 22 au 23 itatosha.

Jinsi ya kufanya

1. Soma maelekezo yote mpaka mwisho. Pima kila kitu ukipange mezani. Kisha washa jiko.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Paka trei siagi kidogo.

3. Pika kakao kwanza. Katika sufuria changanya kakao, unga na sukari vikiwa vikavu. Tia maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga ili visishike madonge. Weka kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Ikichemka na kuwa nzito kama uji mzito, tia siagi, koroga, epua. Iache ipoe kidogo.

4. Katika bakuli kubwa changanya oti, unga, sukari, soda na chumvi. Yeyusha siagi, mimina humo, changanya mpaka kusiwe na unga mkavu.

5. Gawa mchanganyiko mafungu 3 yaliyo sawa. Chukua mafungu 2, yamwage kwenye trei, yakandamize vizuri kwa mgongo wa kijiko. Hizo ndizo ⅔. Usipokandamiza, vipande vitamomonyoka.

6. Mimina kakao juu yake, sambaza sawasawa.

7. Fungu la 3 linyunyize juu kwa vidole. Hili usilikandamize.

8. Oka kwa dakika 35 hadi 45, mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu.

9. Epua. Acha ipoe kabisa, kama saa 2. Najua watoto watakuwa wamekuzunguka, lakini vumilia. Siagi ikiwa moto ni maji, ikipoa hugandisha vipande vikashikana. Ukikata mapema utapata chenga.

10. Kata mistari 3 kwa marefu na mistari 3 kwa mapana. Utapata vipande 4 kwa 4, yaani 16.

Kwa kuwa katikati mna maziwa, viliwe siku hiyo au kesho yake. Vifunike, nzi wasitue.

Kama huna tanuri

Chukua sufuria kubwa ambayo trei inaingia bila kugusa kingo. Tandaza mchanga mkavu, safi, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga weka vijiwe 3 vya kushikilia trei. Funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa. Weka mkaa kidogo chini na mkaa mwingi zaidi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, utapata vipande vyeusi chini na vibichi juu.

Kabla ya kuingiza trei, pima moto. Nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiweke ndani, funika, subiri dakika chache. Unga ukiwa mweusi upesi, moto ni mkali mno. Ukibaki mweupe, ongeza mkaa. Ukigeuka taratibu kuwa rangi ya dhahabu, moto unafaa.

Onyo! Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Imekwisha kuua watu wengi waliofunga mlango na jiko likiwa ndani. Oka nje, au mahali penye milango na madirisha wazi. Na usiku jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama linaonekana limezimika.

Hesabu ya mauzo

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue bei za mfano. Wewe utaweka bei za dukani kwenu.

Oti, shilingi 4,000
Unga wa ngano, shilingi 900
Sukari, shilingi 800
Siagi, shilingi 3,000
Kakao, shilingi 1,500
Maziwa, shilingi 600
Soda na chumvi, shilingi 100
Mkaa, shilingi 1,000
Jumla, shilingi 11,900

Tuseme unauza kipande kwa shilingi 700. Vipande 16 vitaleta shilingi 11,200. Mtu aliyesahau kuandika mkaa atadhani ametumia shilingi 10,900 tu, na kwamba amepata faida ya shilingi 300. Atafurahi. Kumbe amepata hasara ya shilingi 700! Akioka mara 10 kwa furaha hiyo, shilingi 7,000 za mtaji zimekwenda, na hatajua zimekwendaje. Ataanza kumshuku mweka hazina.

Ukiuza kwa shilingi 1,000 utapata shilingi 16,000. Toa 11,900, faida ni shilingi 4,100. Lakini hapo bado hujajilipa kwa kazi yako. Hiyo nayo iandike.

Ukitaka kuoka trei kubwa

Wengi huongeza kwa kukadiria. Usikadirie. Trei yetu ni 20 mara 20, sawa na 400. Trei ya 20 kwa 30 ni 600. Gawa 600 kwa 400, utapata 1½. Basi kila kitu kizidishe kwa kimoja na nusu, na soda pia. Oti vikombe 2 zitakuwa vikombe 3. Soda nusu kijiko cha chai itakuwa robo tatu ya kijiko cha chai.

Maswali na mazoezi

1. Kwa nini vipande vya kile kikundi vilikuwa vichungu? Je, kosa lilikuwa la nani? Jadilianeni.
2. Andika kwa maneno: ½, ¾, 1½, ⅔.
3. Trei ni ya 20 kwa 30. Utahitaji vijiko vingapi vya mezani vya kakao?
4. Watoto wamekula vipande 2 kati ya 16. Vilivyobaki umeviuza kwa shilingi 1,000 kila kimoja. Matumizi yalikuwa shilingi 11,900. Faida ni shilingi ngapi?
5. Nenda dukani, soma kopo la kakao. Je, limetajwa kuwa na sukari?

Majibu: swali la 3 ni vijiko 6. Swali la 4 ni shilingi 2,100.

Ndugu msomaji, yule mama wa kikundi sasa ndiye katibu wao. Akipewa karatasi yoyote, iwe ya mapishi, ya dawa ya mifugo au ya mkopo, huisoma yote kwanza. Akikuta alama asiyoijua huweka kidole hapo, na kazi haiendelei mpaka ameeleweshwa. Wengine humwona mchelewaji. Mimi naona huyo ndiye aliyehitimu kisomo.

Nawe fanya hivyo hivyo. Neno usilolielewa, uliza. Na sisi tunaoandika, tuandike neno zima.