Ganda Lililojazwa Upya: Somo kwa Wenye Bunduki za Kuwindia

Katika mkutano wa hadhara uliofanyika karibu na mpaka wa Mutukula, baada ya mazungumzo marefu juu ya wizi wa ng'ombe na pikipiki zisizo na namba, mzee mmoja aliyevuka kutoka upande wa Kagera aliinua mkono na kuuliza swali ambalo hatukulitazamia.

"Afande," alisema, "mimi nina bunduki ya kuwindia, na kibali chake ninacho. Risasi za dukani zimenishinda bei. Yupo kijana anayeokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyajaza upya na kuniuzia kwa nusu ya bei. Je, nina kosa?"

"Mzee wetu," tulimjibu, "kabla hatujafika kwenye kosa, tueleze kwanza: ulipozipiga zilikwendaje?"

Alinyamaza kidogo. "Zilikwenda vizuri. Ila ile ya tatu, komeo liligoma. Nililigonga kwa kipande cha mti ndipo likafunguka."

Watu walicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa maana komeo lililogoma ni onyo ambalo bunduki humpa mwenyewe, na mara nyingi hulitoa mara moja tu. Tulimwomba mzee asiipige tena bunduki ile mpaka itazamwe na fundi mwenye leseni, naye alikubali. Somo la toleo hili limetokana na swali lake, na tunaliandika kwa kirefu kwa sababu hatudhani kwamba yeye ndiye mnunuzi wa pekee.

Risasi nzima ina sehemu nne. Lipo ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya manjano. Kitakoni mwa ganda kuna kiwashio, kikombe kidogo chenye dawa inayolipuka inapogongwa na pini. Ndani ya ganda mna baruti, na mdomoni pameshikizwa kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Lugha yetu imetuchanganya kidogo hapa, kwa kuwa neno risasi ni jina la madini, ni jina la kichwa kinachoruka, na ni jina la kitu kizima chenye ganda na baruti. Katika somo hili tutasema "risasi" kwa maana ya kitu kizima.

Bunduki inapopigwa, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba ili moshi wa moto usirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Kisha hunywea kidogo, na ndiyo sababu huchomoka kwa urahisi. Katika bunduki ya .30-06, aina ambayo mzee wetu anayo na ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1906, shinikizo la juu linaloruhusiwa ni kama pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hubeba pauni thelathini na kidogo. Kwa hiyo kila mara mwindaji anapobana kifyatulio, kati ya jicho lake na nguvu hiyo pana kipande cha shaba na komeo la chuma tu. Shinikizo likizidi, ganda hutanuka kupita kiasi na kunasa, komeo hugoma, kiwashio hubonyea kikawa bapa kama sarafu, au hutoboka. Baada ya hapo ganda hupasuka.

Kijana aliyezijaza risasi hizo tulimpata. Shauri lake liko mahakamani, nasi hatutalizungumza. Lakini jambo alilotuambia siku ya kwanza lina faida kwa msomaji. Alisema alijifunza kwa kutazama picha za video za wawindaji wa Marekani wakijaza risasi zao wenyewe mezani nyumbani, kwa ajili ya kuwinda kulungu wa huko. Akatuuliza, bila ufidhuli wowote, "Wale wanafanya na hawakamatwi wala hawaumii. Mimi nimekosea wapi?"

Swali hilo ni la haki, na tungekuwa wavivu kama tungelijibu kwa kutaja kifungu cha sheria tu.

Kwanza tuseme kwamba mnyama huyo si kulungu wetu, ingawa watafsiri humwita hivyo. Kulungu wetu ana pembe za kudumu kama mbuzi. Wa kule huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, na jamii yake haipatikani porini katika Afrika Mashariki. Msimu wa kumwinda huangukia zaidi miezi ya baridi, na katika majimbo ya kaskazini mwindaji wa mwezi wa Novemba huweza kukaa juu ya mti huku maji ya chupa yake yakiganda. Jambo hilo si dogo, nasi tutalirudia.

Mwindaji wa namna hiyo anayejaza risasi zake huanza na mnyama. Kulungu wenye mkia mweupe ni mnyama wa wastani, na kichwa cha kumfaa katika .30-06 huwa cha uzito wa gireni 150 hadi 180, yaani kama gramu 10 hadi 12. Hutafuta kichwa laini mbele, chenye koti la shaba, kinachochanua kama ua kinapoingia mwilini, ili mnyama aliyepigwa mapafuni aanguke upesi asiende kufia mbali kwa mateso. Chepesi mno chenye mwendo mkali huweza kuvunjikia kwenye mfupa wa bega. Kigumu mno hupenya na kutokea upande wa pili kabla hakijachanua. Baada ya kuchagua kichwa, hufungua kitabu kilichochapishwa na watengenezaji wa baruti au wa vichwa, ambao wamepima shinikizo katika maabara. Kitabu humwambia ni baruti ya jina gani, kiasi gani cha kuanzia, na kiasi gani asivuke. Huanza chini. Hupima kila chaji kwa mizani. Hupiga karatasi, hutazama maganda moja moja, kisha huongeza kidogo, na huacha anapoona dalili hata kama kitabu kinamruhusu kuendelea. Chaji iliyofaa bunduki yake haichukui kuwa inaifaa ya ndugu yake, hata zikiwa za aina moja.

Baadhi yao hufanya hivyo kwa kupunguza gharama, wengine kwa sababu bunduki yao ni ya kizamani na risasi zake ni adimu dukani, na wengi kwa sababu wanapenda kazi ya uangalifu. Lakini wana mwiko mmoja ambao wazee wao huwafundisha vijana mapema: usipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Sheria yao nayo hufuata njia hiyohiyo. Mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu. Anayejaza ili auze kama biashara lazima awe na leseni ya mtengenezaji. Kwa maneno mengine, hata huko kwao, alichofanya kijana wetu kingemfikisha kizimbani.

Sasa tutazame alichokuwa nacho. Mtunza ghala wetu wa silaha alizifungua baadhi ya risasi tulizokabidhiwa na mzee. Sumaku ilinasa kwenye vichwa kadhaa, dalili ya chuma ndani yake au katika koti lake. Vilikuwa vimeng'olewa kutoka katika risasi za bunduki ya kijeshi, ile ya 7.62 kwa 39 ambayo watu wa mpakani wanaijua kupita tunavyotaka waijue. Majina yanadanganya. Kichwa cha risasi hiyo kina kipenyo cha karibu milimita 7.9, na kile cha .30-06 ni milimita 7.8 na kidogo. Tofauti haionekani kwa macho, lakini mtutu unaihisi, kwa kuwa kichwa kinalazimika kubanwa ndipo kipite, na wakati kinabanwa shinikizo nyuma yake linapanda.

Baruti nayo ilikuwa imetoka humohumo. Kila baruti ina kasi yake ya kuwaka. Ile ya ganda dogo huwaka haraka zaidi kuliko ile iliyokusudiwa ganda kubwa, kama vile nyasi kavu na kuni za mgunga visivyoungua sawa hata ukivipima kwa uzito mmoja. Kijana alipima kwa kijiko. Rangi ya chembe zilizokuwa katika ganda moja haikufanana na ya ganda la pili, na viwashio alikuwa amevitengeneza mwenyewe kwa namna ambayo hatutaieleza hapa.

Kiwashio cha namna hiyo kina hatari ya peke yake. Huweza kuchelewa: pini inagonga, kunakuwa kimya, mpigaji anafungua komeo kutazama, na risasi inalipuka mkononi mwake. Wenye ujuzi husubiri angalau nusu dakika, mtutu ukiwa umeelekea mahali salama, kabla ya kugusa chochote. Au huwaka kwa unyonge, kichwa kikanasa katikati ya mtutu. Mlio huwa mdogo kuliko kawaida, na mpigaji asiyejua hupiga ya pili. Mitutu mingi iliyofunguka kama ganda la ndizi ilifunguka kwa sababu hiyo.

Na sasa tunarudi kwenye baridi. Baruti nyingi hupandisha shinikizo zinapopata joto. Chaji iliyojaribiwa na mtu aliyevaa makoti mawili, ikiwa tayari iko karibu na ukomo, si chaji ileile inapokuwa imelala mchana kutwa ndani ya gari lililofungwa vioo, juani. Kijana hakulijua hili, na tunakiri kwamba hata miongoni mwetu si wote tuliolijua kabla mtunza ghala hajatufafanulia.

Wapo watakaosema kwamba kichwa cha kijeshi ni kikali zaidi, basi kina ubaya gani kwa nguruwe pori au swala? Ubaya wake ni kwamba hakikuundwa kwa kazi hiyo. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani vichwa vinavyochanua mwilini, na tangu wakati huo majeshi hutumia vichwa vilivyofunikwa koti zima. Hivyo hupenya na kuendelea. Mnyama hukimbia na tundu, akafia kichakani siku ya pili. Na kichwa chenyewe huendelea na safari, pengine hadi kwenye shamba la mtu anayepalilia. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yanakataza vichwa vya namna hiyo katika uwindaji wa kulungu.

Kwa upande wa sheria tutapita upesi, maana mlikwisha kuelezwa katika mikutano. Hakuna nchi katika hizi zetu jirani inayomruhusu mtu kutengeneza risasi za kuuza bila leseni. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uwindaji wenyewe haufanani pande zote: Tanzania huutoa kwa leseni, Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na Uganda iliupiga marufuku mwaka 1979, kisha mwaka 2001 ikaanza kuujaribu tena kwa leseni karibu na Ziwa Mburo. Kwa hiyo kibali cha mzee wetu kina nguvu nyumbani kwake, na hakivuki daraja pamoja naye.

Lipo jambo jingine linalotugusa sisi polisi. Kitakoni mwa ganda hupigwa alama za kiwanda, na mara nyingi mwaka. Alama hizo hutusaidia kufuatilia risasi iliyookotwa mahali pa uhalifu ilikopitia. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ilikuwa na nia hiyo ya kuufanya ufuatiliaji uwezekane. Ganda lililojazwa upya hutaja kiwanda kisichohusika. Katika uchunguzi ni shahidi anayesema uongo bila kujua. Na swali la mahali zilikotoka risasi za kijeshi zilizong'olewa vichwa bado tunalifuata.

Mzee hakushtakiwa. Alijileta mwenyewe, akatoa alichokuwa nacho, na bunduki yake ilikutwa na ufa mwembamba karibu na chemba ambao fundi alisema usingevumilia risasi nyingine nyingi. Alipoonyeshwa ufa huo aliupitisha ukucha juu yake mara mbili, akasema, "Huwa mjukuu wangu anakaa hapa kando yangu," akionyesha upande wake wa kulia.

Kijana alitueleza kwamba aliuza risasi 40, nyingine upande huu na nyingine upande wa pili. Tumekwisha kupata 23. Zile 17 zilizobaki ni za .30-06, ganda la manjano lenye mikwaruzo shingoni, kichwa chenye ncha kali ya rangi ya shaba, na kiwashio kilichojitokeza kidogo badala ya kulala sawa na kitako. Baadhi zilifungwa kwa nne nne katika karatasi ya daftari. Aliyenazo asizipige, asijaribu kuzifungua, asizitupe motoni wala chooni, na asivuke nazo mpaka kuja kwetu, kwa kuwa kuvuka nazo ni kosa na ni hatari. Aziweke mahali pakavu mbali na watoto, kisha amwarifu mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu naye, upande wowote wa mpaka, nasi tutazifuata. Atakayezitoa kwa hiari tutamwuliza jambo moja tu, alizinunua lini na zilikuwa ngapi, ili hesabu yetu itimie.