Dang'a ni Mali ya Ndama

Somo letu la leo ni dang'a. Dang'a ni yale maziwa mazito ya manjano anayotoa ng'ombe mara tu akizaa.

Mara nyingi ndama huzaliwa mzima. Wiki mbili hazijaisha, anaharisha, anakufa. Nasi tunasema: "Karogwa huyu!" Hapana, ndugu zangu. Kwanza tujiulize: Alinyonya dang'a? Alinyonya lini?

Mtoto wa mtu huzaliwa na kinga aliyoipata tumboni mwa mama. Ndama sivyo. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga. Hata nyati wanaofugwa India na Misri wako hivyo hivyo. Kinga ya ndama imo katika dang'a. Akizaliwa, utumbo wake uko wazi kuipokea iingie damuni. Lakini kila saa mlango huo unazidi kufungwa. Baada ya saa 24 hivi umefungwa. Dang'a ya kesho itamshibisha, lakini kinga haitaingia damuni.

Baadhi yetu humzuia ndama mpaka kondo litoke. Wengine huimwaga dang'a, ati ni chafu. Tuache mambo hayo. Tufanye hivi:

1. Ndama anyonye kabla ya saa 2 kupita tangu azaliwe. Tuoshe chuchu kwanza. Akishindwa kusimama, tukame, tumnyweshe kwa chupa safi.

2. Anywe ya kutosha. Ndama wa kilo 30 apate lita 3 hivi mapema siku hiyo. Wa kilo 20 apate lita 2. Akishiba, inayobaki ni yetu.

3. Tuache kumkama mama miezi 2 kabla ya kuzaa, na tumlishe vizuri. Akikamwa mpaka siku ya kuzaa, dang'a yake huwa hafifu.

4. Tukinunua ng'ombe mwenye mimba, tumlete mapema. Aliyefika jana hana kinga ya magonjwa ya zizi letu, basi atampa nini mwanawe?

5. Mtamba anayezaa mara ya kwanza mara nyingi huwa na kinga kidogo kuliko ng'ombe mkubwa. Ndama wake tumwangalie zaidi.

Je, mama akifa? Twende upesi kwa jirani ambaye ng'ombe wake kazaa leo, tumwombe dang'a ya mkamo wa kwanza. Hiyo ndiyo yenye kinga nyingi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini dang'a ya kesho haitoshi?
2. Hapa kijijini, ndama wangapi walikufa mwaka huu? Walinyonya lini?