Duara Lisiloonekana: Plato na Chanzo cha Ujuzi

Mwalimu wa jiometri achorapo duara ubaoni huwaambia wanafunzi kwamba kila nukta ya mstari ule iko katika umbali ule ule kutoka kitovu. Duara lililo ubaoni haliko hivyo. Mstari wa chaki una unene, na mahali pengine umepinda. Hata duara lililochorwa kwa bikari na penseli iliyochongwa vizuri, likitazamwa kwa hadubini, huonekana lina kingo zenye mabonde na vilima. Hata hivyo mwalimu hasemi uongo, kwa maana wote darasani wanajua kwamba somo halihusu chaki. Basi linahusu kitu gani, na kitu hicho kiko wapi?

Swali hili lilimshughulisha sana Plato, mwanafalsafa wa Athens katika Ugiriki ya kale, aliyefariki mnamo mwaka 347 K.K. Jibu lake liliathiri falsafa na sayansi kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Mabishano kabla ya Plato

Plato alirithi mabishano ya wahenga wawili. Heraclitus wa Ephesus alifundisha kwamba vitu vyote hubadilika daima, kama maji ya mto yasivyotulia. Parmenides wa Elea alishikilia kinyume chake: kilicho cha kweli hakibadiliki kamwe, na mabadiliko yaonekanayo kwa macho ni udanganyifu.

Plato aliona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Vitu tunavyovifahamu kwa milango ya fahamu, yaani kwa kuona, kusikia, kugusa, kuonja na kunusa, huzaliwa, huchakaa na hutoweka. Lakini ujuzi wa kweli hauwezi kuwa kweli leo na uongo kesho. Kwa hiyo, alisema, lazima ujuzi uwe juu ya vitu vya namna nyingine, visivyobadilika, ambavyo hufahamika kwa akili peke yake. Vitu hivyo aliviita Maumbo. Kuna Umbo la Duara, la Usawa, la Haki na la Wema. Kila duara la ubaoni ni mfano hafifu tu wa Umbo lake.

Mraba wa kijana mtumwa

Katika kitabu chake kiitwacho Meno, Plato aliandika mazungumzo baina ya mwalimu wake Socrates na kijana mtumwa ambaye hakuwahi kufundishwa jiometri. Socrates alichora mraba wenye pande za futi 2, ambao eneo lake ni futi za mraba 4. Kisha akauliza: mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, utakuwa na upande wa urefu gani?

Kijana akajibu upesi kwamba upande nao uongezwe maradufu, uwe futi 4. Akaonyeshwa kwamba hapo eneo huwa 16. Akajaribu futi 3, eneo likawa 9. Ndipo akakiri kwamba hajui. Socrates akaendelea kuuliza, akachora ulalo wa mraba wa kwanza, na kijana akatambua kwamba mraba uliojengwa juu ya ulalo huo ndio wenye eneo la 8.

Mwanafunzi anaweza kujaribu jambo hilo kwa rula. Achore mraba wenye pande za sm 10 na kupima ulalo wake. Atapata sm 14.1, au labda 14.2. Lakini 14.1 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 198.81, nayo 14.2 hutoa 201.64, jibu kamili ni 200. Hata rula ikigawanywa vipande vidogo namna gani, hakuna alama itakayoangukia pale hasa, kwa sababu kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Hilo halijulikani kwa kupima, bali kwa hoja. Hapa Plato alikuwa na nguvu: upo ukweli ambao macho hayawezi kuufikia.

Pingamizi la Aristotle

Mnamo mwaka 367 K.K. kijana aitwaye Aristotle alijiunga na Akademia, chuo cha Plato, akakaa humo miaka ishirini. Pamoja na kumheshimu mwalimu wake, hakukubali kwamba Maumbo yako mbali na vitu. Umbo la farasi, alisema, limo ndani ya farasi wenyewe, na anayetaka kulijua hana budi kuwatazama farasi. Yeye mwenyewe aliandika jinsi mayai ya kuku yanavyobadilika yakiatamiwa: baada ya siku tatu moyo huonekana kama tone la damu linalodunda. Hakuna hoja ya jiometri ambayo ingemfunulia hayo.

Dakika 8 za Kepler

Hatari ya kuyadharau macho ilidhihirika katika elimu ya nyota. Plato aliona duara kuwa mwendo unaovifaa vitu vya mbinguni, na Aristotle naye alikubali. Kwa karne nyingi wataalamu walieleza njia za sayari kwa kuunganisha maduara juu ya maduara.

Johannes Kepler, mtaalamu wa Ujerumani, naye alianza hivyo. Alikuwa na vipimo vya sayari ya Mars vilivyochukuliwa kwa uangalifu mkubwa na Tycho Brahe wa Denmark. Hesabu zake za duara zilitofautiana na vipimo hivyo kwa dakika 8 za pembe, ambazo ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu uonekanavyo angani. Mwingine angalipuuza tofauti ndogo kama hiyo. Kepler aliliacha duara, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mars huzunguka jua katika njia ya duaradufu.

Lakini duaradufu nayo ni umbo la hisabati, wala hakuna aliyepata kuliona limechorwa angani. Kepler alilitupa duara la Plato pasipo kuitupa imani ya kwamba maumbile hufahamika kwa hisabati.

Funzo kwa mwanafunzi

Rula haithibitishi kanuni ya jiometri, na uzuri wa kanuni hauthibitishi kwamba dunia inaifuata. Mwanafunzi anayebadilisha vipimo vyake vya maabara ili vilingane na kitabu hurudia kosa la kuyafumba macho. Anayepima pembetatu kumi na kudai kwamba amethibitisha jambo juu ya pembetatu zote hurudia kosa la kuitupa hoja. Sayansi huanza pale akili inapotunga na macho yanapopewa haki ya kukataa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kupima ulalo hakuwezi kuonyesha urefu wake kamili?
2. Je, namba 2 ingekuwapo kama kusingekuwa na vitu vya kuhesabiwa? Plato na Aristotle wangejibuje?
3. Taja kanuni moja ya fizikia inayohusu kitu kisichopatikana kikamilifu duniani, kama vile uso usio na msuguano. Kanuni hiyo ina manufaa gani?