Dondoo Muhimu: Kufungua Filamu ya Mapepo

Usimwonyeshe pepo mapema. Utangulizi wa The Exorcist (1973) ya William Friedkin uko kaskazini mwa Iraki: padri mzee anafukua kichwa kidogo cha sanamu, na hofu inaingia kabla msichana hajapagawa. Nawe chagua kitu kimoja, tuseme hirizi iliyofukiwa kizingitini, kisha kamera itulie juu yake mpaka mtazamaji aanze kujiuliza nani kaiweka.

Sauti hutisha kuliko picha. Rekodi bawaba, upepo na nyayo, halafu zikate zote kwa mpigo. Giza lisizidi; mwanga wa chemli upande mmoja wa uso unatosha. Mshtuko wa ghafla uwe mmoja tu, na uje kabla ya jina la filamu.